Acha "bei inbox": jinsi fundi wa vitanda na makochi anavyoweza kupata wateja mtandaoni

Hii naandika kwa ajili ya mafundi samani, wale wa Keko, Dar es Salaam, hasa, ila hata kama uko Mwanza au Arusha mambo ni yaleyale. Na kama unauza keki au mapazia we badilisha tu jina la bidhaa, njia haitofautiani sana.

Hali ilivyo sasa hivi ni hii. Mtu kajenga Goba au Chanika, nyumba imefika hatua ya kuhamia, anataka kitanda cha sita kwa sita, kabati la milango mitatu na seti ya makochi. Zamani angepanda daladala mpaka Keko azunguke duka kwa duka juani siku nzima. Siku hizi kabla hajavaa viatu kashashika simu, anaandika "bei ya kitanda cha mninga 6x6", anaperuzi, anaingia Instagram anakuta picha nzuuuri kabisa, anashuka kwenye maelezo anakutana na "bei inbox" au "piga simu kwa maelezo zaidi". Anauliza kwenye komenti, anajibiwa "njoo DM dear". Anaenda DM, kimya mpaka kesho yake jioni. Huyo keshaondoka, kaenda kwa yule aliyeandika bei.

Kwahiyo kabla ya blogu, kabla ya matangazo, kabla ya kitu chochote, elewa kwamba kazi yako mtandaoni ni kujibu hadharani yale maswali unayoyajibu kwenye simu kila siku. Bei gani, mbao gani, ukubwa gani, siku ngapi, usafiri nani analipa. Basi. Vingine vyote nitakavyosema huko chini ni njia tu za kufikisha hayo majibu.

Najua mtakachosema kuhusu bei. Jirani ataiona atashusha. Jamani, jirani anaijua bei yako tangu zamani, mnanunua mbao sehemu moja na vijana wa kupiga msasa mnaazimana. Mteja ataogopa? Anayeogopa bei angeogopa hata baada ya kukupigia, tena angekula muda wako nusu saa. Mbao zinapanda? Andika "kuanzia" na utaje mwezi, "bei hii ni ya mwezi wa sita", ikipanda unarekebisha. Na kama kazi ni ya vipimo maalum, toa mfano wa kazi uliyokwisha kuifanya na ilivyogharimu, mtu apate mwanga.

Anza na daftari

Chukua kaunta buku, liweke karibu na simu, kila mteja akiuliza kitu kiandike vilevile alivyokiuliza. Usikinyooshe. Akisema "eti mninga na mkongo ipi hailiwi na wadudu" andika hivyohivyo, kwa sababu hivyohivyo ndivyo mwingine atakavyoandika Google. Baada ya wiki moja au mbili utaona maswali yanajirudia, na yale yanayojirudia ndio makala zako za mwanzo, huna haja ya kukuna kichwa utafute mada.

Halafu fungua Google kwenye simu, andika "kitanda cha mbao" uache hapo bila kubonyeza, angalia maneno yanayojitokeza yenyewe chini yake. Yale ni mambo watu wanayatafuta kweli. Jaribu na "makochi ya", "kabati la nguo", "dresing tebo bei". Na andika kwa maneno wanayotumia wateja, sio ya kwenye risala. Mtu anatafuta makochi, hatafuti "samani za sebuleni zenye ubora uliotukuka".

Blogu yenyewe

Hapa Bongo ukisema blogu mtu anawaza habari na picha za viongozi wakikata utepe, na sio kosa lake, tulianzia huko. Mpiga picha Issa Michuzi alianza ya kwake 2005 na wengi wakafuata njia ileile. Ila blogu ni ukurasa tu wa kuandika vitu vikakaa, na kwa fundi hapo ndipo utamu ulipo, maana stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24 na posti ya Insta ikishapita wiki hakuna anayeifukua, lakini makala inayosema "kitanda cha mninga 6x6 bei gani" mtu ataikuta hata mwakani.

Kwa kuanzia tumia Blogger. Ni ya Google, ni bure, ukiwa na Gmail unafungua hata kwa simu, anwani yako itaishia na blogspot.com na hakuna mteja atakayekukimbia kwa hilo. Ukiona inalipa ndio ununue domeni (jina la tovuti) ya .co.tz kwa mawakala wanaotambuliwa, unaiunganisha na blogu yako ileile. WordPress nayo nzuri, ina uwezo mkubwa zaidi, lakini ile ya kuisimamia mwenyewe inataka ulipie hosti (mahali tovuti inapohifadhiwa) kila mwaka na kuna vitu vya kusasisha, sasa we unashinda kwenye randa, nani atasasisha? Kutoa hela nyingi kumpa mtu akutengenezee tovuti yenye picha zinazotembea na maneno "karibu, sisi ni kampuni inayoongoza" mimi siioni faida yake. Hakuna mteja anayetafuta kampuni inayoongoza. Anatafuta kitanda.

Jambo la sheria lisikupite. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja 2018 zikiwa na mambo ya leseni kwa wenye blogu, zikabadilishwa 2020 na tena 2022. Wewe kaa kwenye biashara yako, usichanganye na habari za siasa wala udaku, na kama una wasiwasi wowote waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) moja kwa moja badala ya kusikiliza watu wa kijiweni.

Sasa makala inaandikwaje? Kama unavyoongea na mteja aliyesimama mbele yako. Tuchukue hicho kitanda. Kichwa cha habari kiwe swali au jibu lenyewe: "Kitanda cha mninga 6x6, bei na vitu vya kukagua kabla hujalipa". Mistari ya kwanza kabisa weka jibu, usianze na historia ya mti. Kitu kama hiki:

"Kitanda hiki ni futi 6 kwa 6 (sentimita 183 kwa 183), mbao ni mninga mtupu, kichwani hakuna MDF (ubao wa unga wa mbao). Chaga ni za paini iliyotiwa dawa, kwa sababu mninga kwenye chaga ni kuongeza gharama tu na hazionekani. Tunapiga vanishi mara tatu na kila mkono lazima ukauke, ndio maana hatukubali oda ya kesho. Bei inaanzia shilingi..., kufunga ni bure, kirikuu analipa mteja."

Hapo andika tarakimu kamili. Umeona kitu lakini? Ule mstari wa chaga. Mteja akisoma pale anajua huyu jamaa haniuzii maneno, maana angeweza kudanganya kwamba kila kitu ni mninga na mimi nisingeinua godoro kukagua. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyouza kuliko "ubora wa hali ya juu".

Baada ya hapo mfundishe kukagua. Mwambie akitikise kitanda kwa kona, kikilia sasa hivi kitalia zaidi baada ya miezi. Mwambie aangalie nyuma ya kichwa na chini, sio mbele tu, kwa sababu mbele hata mbao mbovu ikipigwa rangi inapendeza. Mwonyeshe kwa picha unga unavyodondoka kwenye vitobo pale wadudu walipoingia. Mwelezee tofauti ya mtiki na mninga na mkongo, rangi zake na uzito wake, paini ya msitu wa Sao Hill inafaa wapi na wapi haifai. Kuna fundi atasema nikifundisha wateja wataenda kukagua kwa wengine. Waende! Wakikagua kwa wengine wanakumbuka aliyewafundisha ni nani.

Makala moja kwa wiki inatosha, hata moja kwa wiki mbili, ila usiweke kumi leo halafu ukapotea mpaka Krismasi. Na kila makala mwishoni weka linki ya WhatsApp. Hii wengi wanaikosea: linki inaandikwa wa.me/ halafu 255 halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Mtu akibonyeza anaingia kwenye chati yako moja kwa moja bila kusevu namba. Ijaribu mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuitangaza.

Picha

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo pengi panapoharibika. Kwanza kabisa usichukue picha ya Pinterest au ya duka la Uturuki ukaandika "tunatengeneza". Watu wamechoka na "nilichoagiza na nilicholetewa", na mteja akishaletewa kochi lililopinda mgongo atakuposti na wewe utajulikana kwa hilo. Piga kazi yako, hata kama ni moja tu.

Toa kitanda nje asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, au kiweke karibu na mlango mwanga uingie kwa upande. Flashi zima, inafanya vanishi ing'ae kama plastiki. Ondoa ndoo, ondoa ndala za kijana, fagia maranda. Futa kioo cha kamera kwa fulana, sitanii, nusu ya picha za ukungu za mafundi ni vidole vyenye vumbi la mbao. Piga nzima kwa mbele, piga kwa pembeni, piga kwa karibu pale mbao mbili zinapoungana, piga na nyuma. Moja iwe na mtu amesimama pembeni au futi kamba imelazwa juu yake, mteja apate picha ya ukubwa.

Picha ya simu inaweza kuwa MB 3 au 5, ukiweka kumi kama hizo kwenye makala moja mwenye bando la kubana anaondoka kabla haijafunguka. Zipunguze kwanza, programu za bure za kupunguza picha ziko kibao, hata KB 200 inaonekana vizuri tu kwenye simu. Na badala ya kuiacha inaitwa IMG halafu namba ndefu, iite kitanda-mninga-6x6-keko, Google inasoma jina la faili kujua kilichomo.

Video za kurandisha mbao, za kukunja kitambaa cha kochi kwenye kona, hizo peleka TikTok na Insta. Watu wanapenda kuangalia mikono inafanya kazi. Ukimaliza kuposti andika bei. Ndio, na huko pia.

Kuonekana kwenye ramani

Kitu cha bure ambacho mafundi wengi hawakigusi ni kusajili karakana Google, ile inayoitwa Google Business Profile. Mtu akiandika "fundi makochi karibu na mimi" yanakuja majina matatu na ramani, na wewe haupo. Unajisajili kwa Gmail, unaweka jina lilivyo kwenye bango lako (usiongeze maneno kama "bei nafuu Dar es Salaam", wanafungia), simu, saa za kazi, halafu wanataka uthibitisho. Mara nyingi wanaomba video ambayo haijakatwakatwa, unaanza nje ionekane barabara na maduka ya jirani, unaonyesha bango, unaingia ndani unaonyesha mashine na vifaa, na kitu kinachoonyesha wewe ndio mwenye eneo, kama vile kufungua mlango kwa funguo. Panga kabla hujaanza kurekodi.

Ukishapita omba wateja waandike maoni. Muda mzuri ni palepale kitanda kimeshafungwa, mama mwenye nyumba kafurahi, mtumie linki. Usiwape hela wala punguzo ili waandike, Google hawaruhusu hilo, na maoni ya nyota tano ishirini yaliyoandikwa siku moja na majina ya ajabuajabu kila mtu anayajua. Akija mtu kalalamika, mjibu hapohapo kwa heshima na useme utafanya nini. Wateja wapya wanasoma malalamiko kwanza, sifa baadaye.

WhatsApp

Tumia WhatsApp Business, sio ile ya kawaida. Ina katalogi, weka kila bidhaa na picha na bei. Weka ujumbe wa kujibu wenyewe usiku, na majibu ya haraka kwa yale maswali ya kwenye kaunta buku, ukiandika neno fupi jibu zima linatoka. Lebo nazo zina kazi: "kaulizia", "kalipa nusu", "kapelekewa". Fundi mwenye oda kumi kichwani bila lebo lazima atamsahau mmoja.

Ukitaka kutuma ofa kwa wengi kuna brodikasti, orodha moja inachukua watu 256, ila inamfikia yule tu aliyeisevu namba yako. Kwahiyo mteja akilipa mwombe asevu. Usimwingize mtu kwenye grupu bila kumuuliza. Ni kero, na pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, namba ya mteja sio mali yako ya kugawa.

Kwa wale wa nje, Muscat, London, Marekani, ambao wanajenga huku na hawawezi kuja Keko, waandalie makala yao peke yake. Hao hofu yao moja tu, kupigwa. Eleza hatua kwa hatua: anatanguliza kiasi gani, analipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara au benki, anatumiwa video mbao zikiwa bado hazijaungwa, nyingine kabla ya vanishi, ndugu yake anaruhusiwa kuja kukagua, ndipo anamalizia. Vipimo weka na sentimita. Mteja wa namna hii mara nyingi anaagiza nyumba nzima, sio stuli.

Matangazo ya kulipia

Usilipie kitu mpaka bei, picha na WhatsApp viko sawa. Kubusti posti isiyo na bei ni kulipia watu waje kukuuliza bei.

Ukiwa tayari, kwenye Facebook na Instagram chagua tangazo linalompeleka mtu WhatsApp, sio la kutafuta laiki. Chagua eneo, usitangaze Tanzania nzima kama kirikuu chako kinaishia Kibaha. Kulipia utahitaji kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni ya mitandao ya simu. Halafu piga hesabu. Tuseme umeweka 10,000 kwa siku kwa siku tano, 50,000. Wakakuchati watu 20, wawili wakanunua. Kila mteja amekugharimu 25,000. Kama faida ya kitanda kimoja ni laki na ushee, endelea. Kama unauza stuli yenye faida ya elfu kumi, zima leo. Hesabu hiyo ifanye kwa kila tangazo, na kila anayekuja muulize umetuonea wapi, unaandika palepale kwenye kaunta buku.

Msimu pia uangalie. Kabla ya Idi watu wanabadilisha makochi, kabla ya Krismasi vilevile, na msimu wa harusi ni vitanda na makabati. Makala ya makochi iandike mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, kwa sababu Google haikuonyeshi siku ileile uliyoandika. Tangazo la kulipia ndio linaweza kusubiri mpaka karibu.

Akaunti ni za nani?

Kijana wa mitandao anaweza kukusaidia, mlipe vizuri, lakini Gmail, blogu, domeni, peji na laini ya simu viwe kwa jina lako na nywila unazo. Kwenye peji mwongeze yeye kama msaidizi, sio mmiliki. Mkigombana anaondoka na simu yake, wateja wanabaki. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali, WhatsApp weka ile PIN. Ukipata ujumbe unasema peji yako itafungwa kwa kosa la hakimiliki, bonyeza hapa, usibonyeze. Na zile namba sita zinazokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu wa kampuni ya simu.

Mwisho unganisha blogu na Google Search Console, ni bure. Mara moja kwa mwezi ifungue uone watu waliandika nini mpaka wakakufikia. Ukikuta maneno kama "kitanda cha chuma na cha mbao kipi bora" na wewe hujawahi kuandika hiyo, hiyo ndio makala ya wiki ijayo. Ukikuta makala inaonekana mara nyingi ila haibonyezwi, badilisha kichwa chake, weka bei kwenye kichwa uone. Miezi miwili mitatu ya mwanzo namba zitakuwa ndogo sana, ni kawaida, we rekebisha bei kila mbao zinapopanda na uendelee kujibu WhatsApp kabla mtu hajaenda kwa mwingine.